Ngoro Haichimbwi Mara Moja

Hekalu la Kishinto la Ise, huko Japani, hujengwa upya kila baada ya miaka 20. Mwaka 2013 ilikuwa mara ya 62. Mbao ni changa, hekalu ni kongwe. Kinachorithishwa pale ni ufundi, pamoja na msitu wa mlimani unaopandwa ili kesho mafundi wasikose magogo. Mtanzania hana haja ya kuvuka bahari kuyaona hayo. Aende Mbinga, atazame ngoro za Wamatengo.

Vita vya Wangoni vya karne ya 19 viliwabana Wamatengo kwenye milima mikali, ambako udongo ukiachwa huru huishia Ziwa Nyasa. Wakabuni ngoro. Majani hufyekwa kwa nyengo na kulazwa kwa mistari inayokatizana, mteremko mzima ukawa kama wavu. Kisha udongo wa katikati ya kila mraba huchimbwa na kuyafunika. Hubaki shimo lililozungukwa na matuta. Maharage hutangulia juu ya tuta, mahindi hufuata, huku majani yaliyozikwa yakioza kuwa mbolea, na shimo likidaka maji na udongo uliotoroka kutoka juu. Mahindi yakishavunwa, shamba hupumzishwa, halafu kazi huanza upya.

Atakayesema shamba si hekalu, hakuna mungu shimoni, simbishii; hoja yangu ni ufundi, si ibada. Enzi za ukoloni, mwaka 1938, A. H. Pike aliueleza ufundi huu katika jarida la Tanganyika Notes and Records. Lakini serikali ya kikoloni ilipowalazimisha Waluguru, nao watu wa milimani, kuchimba matuta ya ngazi, mwaka 1955 zikazuka ghasia. Mlima ni mlima, udongo ni udongo. Tofauti ni kwamba ngoro ilitoka mikononi mwa wenyewe.

Pingamizi zito ni jingine: wanaume hufyeka, lakini jembe la kuchimba kwa desturi huwa la wanawake, na ni kazi ya kuvunja mgongo. Kweli kabisa, na sifa zisizolitaja hilo ni za mtu aliyekaa kivulini. Ila ni mgawanyo wa kazi unaodai kufumuliwa hapo. Shimo halikuagiza nani alichimbe. Ise huhesabu kila ujenzi mpya. Milimani Mbinga hakuna anayehesabu, maana maharage hayasubiri.