Uzito wa Risasi na Ustadi wa Kuilisha Bunduki Inayojipakia

Katika uwindaji husifiwa zaidi ustadi wa kulenga shabaha, wa kunyatia na wa kusoma nyayo, ilhali upo ustadi unaotangulia wote huo, unaofanyika kimya mezani kabla mwindaji hajatia mguu porini, nao ni kuchagua uzito wa risasi. Kwa bunduki ambayo komeo lake huvutwa kwa mkono, shauri hilo ni la mwindaji na mnyama tu. Lakini kwa bunduki inayojipakia yenyewe, yaani ile inayofyatua risasi moja kila kifyatulio kinapovutwa, kisha ikatema ganda na kuingiza risasi nyingine bila kuguswa, bunduki nayo ina kauli yake, na anayeipuuza hulipa kwa mnyama aliyejeruhiwa akapotea au kwa chuma kilichopinda.

Uzito unaokusudiwa hapa ni wa kichwa cha risasi, kile kipande cha metali kinachoruka, wala si wa ganda au baruti, nao hupimwa kwa greni, kipimo cha kale cha Uingereza ambacho kimoja ni sawa na gramu 0.0648. Risasi ya .30-06, inayotumika katika bunduki nyingi za namna hii, ikiwemo Browning BAR ya kuwindia iliyoingia sokoni mwaka 1967, ilirithi mashauri haya tangu kuzaliwa kwake: risasi ya jeshi la Marekani ya mwaka 1903 ilikuwa na kichwa butu cha greni 220, na mwaka 1906 nafasi yake ikachukuliwa na kichwa kilichochongoka cha greni 150. Mpaka leo mwindaji kwa kawaida huchagua baina ya mipaka hiyo. Kichwa cha 150 hutoka mtutuni kwa kasi ya karibu mita 890 kwa sekunde na kuruka bila kushuka sana, na kile cha 180 hutoka kwa karibu mita 820, lakini hupenya zaidi nyama na mfupa iwapo vichwa vyote viwili vimeundwa kwa namna moja.

Utamu wa kazi hii umo ndani ya mtutu. Kichwa cha risasi kikishapita tundu dogo lililotobolewa ubavuni mwa mtutu, sehemu ya gesi ya baruti huchepukia humo na kusukuma pistoni, pistoni ikalirudisha komeo nyuma, ganda likatemwa, kisha springi ikalisukuma komeo mbele likiwa limezoa risasi mpya kutoka magazini. Yote hayo hutegemea shinikizo lililobaki pale tunduni kwa wakati ule mfupi. Kichwa kizito kwa kawaida hupakiwa na baruti inayoungua polepole, kwa hiyo kinapolipita tundu, gesi bado ina nguvu nyingi, na pistoni hupigwa kuliko ilivyokadiriwa. Wenye bunduki ya M1 Garand, iliyopokewa na jeshi la Marekani mwaka 1936 na ambayo wengine huwindia, wanalijua hili vizuri, kwa kuwa ilizoezwa risasi ya kijeshi ya greni 150 hivi, na kichwa kizito juu ya baruti ya polepole huweza kuipinda fimbo inayoendesha komeo lake. Kwa hiyo kosa haliko katika uzito peke yake, bali katika uzito uliooanishwa vibaya na baruti, na hapa ndipo wauzaji wengi wa ushauri wa haraka hupotoka.

Ganda lililotemwa husema mengi kwa anayeinama kuliokota: ukingo wa kitako uliochanika au kukwanguka mara nyingi ni dalili kwamba komeo limevuta kwa nguvu mapema mno, na ganda lililobanwa mlangoni bila kutoka huenda likaonyesha kwamba gesi haikutosha.

Kuna pia suala la urefu. Kwa kuwa kipenyo hakibadiliki, kila greni inayoongezwa hurefusha kichwa, na risasi nzima ya .30-06 haipaswi kuzidi milimita 84.8, la sivyo haitaingia magazini; hivyo kichwa kirefu huzama ndani ya ganda na kuila nafasi ya baruti. Urefu huo hutegemea pia metali ya kichwa. Kiswahili huita kwa neno moja, risasi, metali ambayo Kiingereza huiita lead na kile kinachotoka bundukini, na kwa karne nyingi jina hilo liliwiana na kitu. Lakini tangu tarehe 1 Julai 2019 jimbo la California limepiga marufuku risasi zenye metali hiyo katika uwindaji wote, ili kumwokoa kondori, tai mkubwa anayekula mabaki ya wanyama waliopigwa, akadhurika kwa sumu ya vipande vya metali hiyo. Shaba inayotumika badala yake ni nyepesi, gramu 8.96 kwa sentimita moja ya ujazo dhidi ya 11.34, kwa hiyo kichwa cha shaba cha greni 180 ni kirefu kuliko cha zamani, na mwindaji mwenye busara hushuka hadi 165 au 150 bila kupoteza kitu kikubwa, kwa sababu shaba hufunguka bila kumeguka sana.

Kwa msako wa nguruwe mwitu huko Ulaya, ambako mnyama hupita mbio mita chache mbele ya mlengaji, kichwa cha kawaida cha greni 165 au 180 kilichopakiwa kiwandani kinafaa kuliko vyote, na cha 220 ni heri kiachiwe bunduki za komeo la mkono. Mwenye bunduki inayojipakia na asome kwanza maelekezo ya mtengenezaji wake, anunue boksi moja la kila uzito unaoruhusiwa, azipige zote uwanjani kwa magazini ileile atakayowindia, aokote maganda yote na kuyatazama, kisha abaki na ule uzito ambao bunduki yake imeukubali.