Kazi Moja na Kilio cha Jirani: Kukisoma Tena Kitabu cha Kesi ya Ardhi ya Wameru

Kitabu cha Kirilo Japhet na Earle Seaton, The Meru Land Case, kilitolewa Nairobi mwaka 1967 na East African Publishing House. Ni kitabu chembamba. Nilikisoma mara ya kwanza nikiwa mwanafunzi wa theolojia Makumira, kwa ajili ya kazi ya darasani. Nikachukua tarehe nilizozihitaji na kukirudisha maktaba. Nimekisoma tena nikiwa mchungaji wa miaka arobaini na kitu, baada ya kosa nililolifanya usharikani. Safari hii hakikuniacha salama.

Nakihakiki hapa kwa sababu kinagusa jambo tunalolihubiri sana siku hizi bila kulipima: mtu au watu kujitoa kabisa kwa kazi moja kwa kipindi fulani na kuyaacha mengine. Katika semina za vijana hapa Arusha mjini tunawaambia wachague lengo moja, wafunge mlango, wawaepuke watu wanaowapotezea muda. Mafundisho hayo yana ukweli wake. Mshika mawili moja humponyoka, na wazee wetu walilijua hilo kabla ya semina kuja. Lakini tunasahau kuuliza swali ambalo Mkristo hana budi kuliuliza: kazi hiyo moja ni kwa ajili ya nani, na wakati umeiinamia, ni nani analia nje ya mlango?

Kwanza habari yenyewe, kwa ajili ya wasioijua. Upande wa kaskazini mashariki wa Mlima Meru, pale mteremko unaposhuka kuelekea uwanda ulio kati ya Meru na Kilimanjaro, kuna eneo la Engare Nanyuki. Jina hilo ni la Kimaasai, maana yake maji mekundu. Wameru walikuwa wakiishi huko, wakilima na kulisha mifugo yao. Baada ya Vita Kuu ya Pili, serikali ya Kiingereza iliunda tume chini ya Jaji Mark Wilson kuangalia mgawanyo wa ardhi za Arusha na Moshi. Ikapendekezwa kwamba sehemu hiyo iunganishwe na mashamba ya walowezi wa Kizungu, na Wameru wahamie Kingori na kulipwa fidia. Wakakataa. Mnamo Novemba 1951 serikali iliwaondoa kwa nguvu. Nyumba zilichomwa moto, na watu wapatao 3,000 wakapoteza makazi yao.

Tanganyika wakati huo ilikuwa nchi ya udhamini. Uingereza iliitawala chini ya usimamizi wa Umoja wa Mataifa, na wananchi walikuwa na haki ya kupeleka malalamiko yao huko. Wameru waliishika haki hiyo kwa mikono miwili. Walichanga fedha, wakamtuma Kirilo Japhet. Mwaka 1952 yeye na wakili Seaton, mwenyeji wa Bermuda aliyekuwa akifanya kazi Moshi, walisimama mbele ya Umoja wa Mataifa, New York, kuwatetea watu wa mlimani. Kamati ya Nne ya Baraza Kuu iliunga mkono ardhi irudishwe. Lakini Baraza Kuu lenyewe lilipopiga kura, azimio lilikosa theluthi mbili zilizohitajika. Kirilo alirudi nyumbani bila ardhi.

Ubora wa kwanza wa kitabu hiki ni kwamba hakipambi. Waandishi wanatupitisha katika hati, malalamiko na majibu ya serikali, hatua kwa hatua, kama watu wanaotaka msomaji aamue mwenyewe. Anayetafuta maneno ya kusisimua atachoka. Anayetaka kujua kazi moja inadai nini ataona wazi kwamba sehemu kubwa yake ni uvumilivu: kuandika, kungoja, kujibiwa vibaya, kuandika tena.

Ubora wa pili ni jinsi kinavyotuonyesha maana ya kukataa. Fidia ile haikuwa jambo la kudharauliwa na mtu asiye na paa. Lakini kila ambaye angeipokea angekuwa anakiri kwa mkono wake kwamba ardhi imekwisha kuuzwa, na shauri lote lingeanguka. Kwa hiyo kushika jambo moja kulimaanisha kukataa kitu kizuri kilichowekwa mezani wakati wa njaa. Hapa ndipo mafundisho yetu ya semina yanapoonekana mepesi. Sisi tunawaambia vijana waache simu na marafiki wabaya. Wameru waliacha fedha waliyoihitaji.

Ubora wa tatu ni kwamba kitabu hakifichi kushindwa. Waandishi walikuwa na kila sababu ya kuandika kitabu cha ushindi, kwa kuwa mwaka 1967 nchi ilikuwa huru. Na kweli kazi ile ilizaa matunda kuliko kura zilivyoonyesha. Kirilo aliporudi alizunguka nchini kuwaeleza watu mambo aliyoyaona; TANU ilizaliwa Julai 1954; na Mwalimu Nyerere alipokwenda mbele ya Baraza la Udhamini mwaka 1955, njia ya kufika kule ilikuwa imekwisha kukanyagwa na mtu wa Meru. Hata hivyo kitabu kinaacha kura ya New York ibaki ilivyokuwa: walikwenda kudai ardhi, na siku ile hawakuipata.

Sasa upungufu wake. Kitabu kimeandikwa na mlalamikaji na wakili wake, nacho kimebaki katika lugha ya shauri. Shauri linataka hoja moja na msemaji mmoja. Ninapokisoma namwona vizuri aliyetumwa. Waliomtuma nawaona kwa mbali. Aliyelima ili senti za mchango zipatikane ni nani? Mama aliyefukuzwa na watoto wake Novemba ile alikwenda kwa nani, na huyo aliyempokea aligawaje chakula? Katika mwaka huohuo wa 1967 Anton Nelson, Mmarekani aliyefanya kazi na ushirika wa kahawa wa Wameru, alitoa kitabu chake The Freemen of Meru, nacho kinakaribia zaidi maisha ya kila siku. Lakini hata baada ya kuvisoma vyote viwili, sauti niliyoitafuta zaidi, ya mama mwenye jembe aliyebaki, sikuipata ya kutosha.

Mtu anaweza kusema namwonea wakili, kwamba kitabu cha kesi hakikuandikwa kuwa kitabu cha akina mama. Ningekubali kama si Biblia. Kipo kitabu kingine cha kazi moja, nacho ni Nehemia. Tunakipenda sana wakati wa ujenzi. Kila mchungaji aliyewahi kujenga kanisa amehubiri sura ya sita, ambapo adui wanamwita Nehemia mara nne washuke kuzungumza, naye anawajibu kwamba ana kazi kubwa na hawezi kushuka. Ukuta ukamalizika kwa siku 52. Ni mfano mzuri wa kujitoa.

Lakini kabla ya sura ya sita kuna sura ya tano, ambayo wengi wetu tunairuka. Katikati ya ujenzi watu wanalia pamoja na wake zao, na mwandishi anawataja wanawake waziwazi. Wameweka rehani mashamba, mizabibu na nyumba ili wapate nafaka, na wanaowakamua ni ndugu zao wenyewe. Nehemia, huyu ambaye hashuki kwa ajili ya adui, anaitisha mkutano mkubwa kwa ajili ya kilio hicho. Anawakemea wakubwa, anadai mashamba yarudishwe. Mwandishi angeweza kuliacha tukio hilo, kwa maana haliongezi jiwe hata moja ukutani. Ameliweka hapo ili tujue kwamba Nehemia alijua kutofautisha sauti mbili: inayomwita ili aiache kazi, na inayomwita kwa sababu ndiye jirani ambaye kazi yenyewe inafanywa kwa ajili yake.

Kosa langu lilikuwa hapo. Miaka kadhaa iliyopita nilitumika katika usharika mmoja kwenye mteremko wa Meru, juu kidogo ya mji. Kanisa lilikuwa kuta tupu kwa miaka mingi. Nikawaambia wazee wa kanisa kwamba mwaka huu tutafanya jambo moja tu, paa. Kila kikao kilikuwa cha paa. Kila Jumapili baada ya ibada tulikuwa na mnada wa sadaka kwa ajili ya mabati: ndizi, mayai, maziwa, kuku. Nilihubiri Nehemia sura ya sita nadhani mara tatu.

Bibi mmoja mjane alinijia katika miezi ile. Wanawe walikuwa wanataka kukiuza kihamba kwa vipande, viwanja vya kujenga, kwa watu kutoka mjini. Hakuomba fedha. Aliomba mchungaji na wazee wawili wakae na wanawe jioni moja, wazungumze. Nilimwitikia kwa heshima zote: "Shikamoo, bibi. Nimekusikia. Tumalize paa kwanza, halafu nitakuja." Akasema, "Haya, baba mchungaji." Akaja tena, nikamjibu vilevile. Mara ya tatu alinisalimu tu, hakusema neno.

Paa lilikamilika kabla ya mvua za masika. Tulimshukuru Mungu kwa shangwe. Wiki iliyofuata nilikwenda kwa bibi, nikakuta ukuta wa matofali umekatiza katikati ya migomba. Alinikaribisha ndani, akanipikia chai. Hakunilaumu. Wakati wa kuaga alinipa mkungu mdogo wa ndizi kutoka sehemu iliyobaki, akasema nipeleke kanisani. Ndipo nilipokumbuka kwamba katika miezi yote ile hakukosa kuleta ndizi kwenye mnada. Sehemu ya mabati yale ilitoka katika kihamba kilekile nilichokosa muda wa kwenda kukitetea.

Siwezi kusema kwamba ningewazuia wanawe. Pengine wangeuza tu. Lakini najua kwamba niliipokea sadaka ya bibi na kukiahirisha kilio chake, na kwamba nilikuwa na aya ya Biblia ya kunitetea.

Luther naye alifungiwa na kazi moja. Mwishoni mwa mwaka 1521, akiwa amefichwa katika ngome ya Wartburg, alianza kutafsiri Agano Jipya kwa Kijerumani, na rasimu yake ilikamilika kwa muda wa wiki kumi na moja hivi. Sisi Walutheri tunapenda kuisimulia kazi hiyo, na inastahili. Tunasimulia kidogo zaidi yaliyofuata. Machi 1522, usharika wa Wittenberg ulipovurugika na wanyonge wa imani wakisukumwa kwa nguvu, Luther alitoka mafichoni akiwa bado mtu aliyehukumiwa, akapanda mimbarani na kuhubiri siku nane mfululizo juu ya upendo na uvumilivu kwa walio dhaifu. Tafsiri ikaendelea kusahihishwa, ikachapishwa Septemba mwaka huohuo. Haikuharibika kwa sababu mfasiri alishuka.

Kwa hiyo ninakirudia kitabu cha Kirilo na Seaton kwa heshima kubwa kuliko mwanzo, pamoja na upungufu nilioutaja. Kipimo cha kazi moja kimo ndani yake, hata kama waandishi hawakukitaja kwa maneno ya imani. Wameru hawakuchagua kazi yao moja wakiwa wamekaa wakiota mafanikio. Waliipata katika kilio cha jirani zao waliofukuzwa, na waliibeba pamoja: mmoja akasafiri, wengine wakachanga, wengine wakavumilia bila fidia. Kazi yangu ya paa nayo ilikuwa njema, na ilibebwa na wengi. Ilipungukiwa jambo moja: niliifanya kuwa sababu ya kutosikia.

Usharikani ninapotumika sasa tuna ujenzi mwingine, maana kanisa haliishi kujenga. Tumekubaliana na wazee kwamba katika kila kikao cha ujenzi ajenda ya kwanza, kabla ya hesabu za saruji, iwe ni taarifa ya walio katika shida mtaani, na mtu wa kwenda kwao ateuliwe kabla hatujaendelea. Vikao vimekuwa virefu. Ujenzi unakwenda polepole kuliko nilivyopenda.

Ardhi ile ya kaskazini mashariki baadaye iliwarudia Wameru, na leo anayefika Ngare Nanyuki anakuta mashamba ya nyanya zinazopelekwa sokoni. Huku kwetu, upande wa mji, ardhi inaondoka kiwanja kwa kiwanja, bila askari na bila moto, kwa makubaliano ya watoto wa nyumba hiyohiyo. Ndugu msomaji, ukikipata kitabu hiki kisome. Kisha, kama una kazi moja uliyojitoa kwayo mwaka huu, iwe masomo, biashara au kanisa la Bwana, mkumbuke mtu uliyemwambia asubiri hadi umalize. Nenda kwake wiki hii.