Ufa Huanzia Konani

Lori likirudi kutoka mpakani Tunduma hurudi na habari zake. Fundi akiingia uvunguni hana haja ya kumuuliza dereva alikopita, chuma kitamweleza. Siku moja, katika gereji kando ya Barabara ya Mandela, Dar es Salaam, nilioneshwa breketi ya tangi la ziada la dizeli, lile ambalo wenye malori ya safari ndefu huliongeza ubavuni mwa chasisi. Ilikuwa imepasuka. Pembeni mwa ufa mpya palikuwa na kovu la kuchomelea, na chini ya kovu hilo kovu jingine, kama goti la mtoto anayeanguka palepale kila siku.

Wahenga walituusia kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Fundi wa pale alikuwa ameuziba mara mbili, tena kwa uaminifu, nao ulikuwa umerudi mara mbili. Mimi huchora vipuri vya malori kwa kompyuta, na hapo ndipo kazi yangu inapoanza. Swali ninaloitiwa ni moja: kwa nini ufa umechagua kupita hapa?

Kazi yenyewe huanzia chini, mbali na kompyuta. Nalala chali juu ya boksi, tochi mdomoni, vernia mkononi. Chasisi huja na matundu yake kutoka kiwandani, na watengenezaji wengi wa malori hukataza kutoboa mikunjo yake ya juu na ya chini, kwa kuwa huko ndiko mzigo unakovuta na kugandamiza zaidi. Basi breketi ndiyo itakayoyafuata matundu yaliyopo. Katikati ya tundu hamna kitu cha kushika, kwa hiyo napima kutoka ukingo wa kushoto wa tundu la kwanza hadi ukingo wa kushoto wa la pili. Yakiwa na upana mmoja, huo ndio umbali wa kati kwa kati. Napima mara tatu. Majibu yakitofautiana, nasugua kutu na kuanza upya.

Kisha nahesabu uzito. Tangi la lita 400 likijaa, dizeli peke yake ni kilo 336 hivi. Hapo lori limesimama. Gurudumu likiingia shimoni, tangi hulemea kupita lilivyokuwa, nami huhesabu mara tatu: zaidi ya tani moja kwenye breketi mbili. Na haliruki mara moja likatulia. Huruka na kutua maelfu ya mara, njia nzima, hadi limalize kupanda mlima wa Kitonga na kuushika mpaka. Chuma kinachotendewa hivyo huchoka, na uchovu wake hauonekani kwa macho.

Dunia iliujua uchovu huo kwa machozi mwaka 1954, ndege mbili za abiria aina ya Comet, zilizoundwa Uingereza, zilipoanguka baharini. Wachunguzi waliweka kiwiliwili cha Comet nyingine ndani ya tangi kubwa la maji, wakakipandishia na kukishushia mgandamizo tena na tena mpaka kikapasuka. Mpasuko ulianzia kwenye kona ya tundu lililokatwa ubavuni.

Breketi yetu nayo ilipasuka konani. Ilikuwa na umbo la herufi L, imekatwa kwa grenda, na kona yake ya ndani ilikuwa kali. Nguvu hupita ndani ya chuma kama maji mtoni: penye mkunjo mpana hupita kwa upole, penye kona kali husongamana na kuchimba.

Nikarudi mezani nikafungua programu. Mchoro huanza na mistari isiyo na adabu, inayokwenda popote unapoivuta. Unaipa masharti. Hii miwili iwe sambamba. Matundu haya yalingane. Umbali huu uwe milimita 120. Sharti baada ya sharti mchoro unatulia, mpaka ukijaribu kuuvuta hausogei tena. Ivan Sutherland alilionesha jambo hili mwaka 1963 huko MIT, Marekani, kwa programu yake Sketchpad: alichora kwenye kioo kwa kalamu ya mwanga, akaiambia mashine mistari ipi ilingane, nayo ikatii. Mpaka leo sijaizoea raha ya kubadili kipimo kimoja na kuona vingine vyote vikijipanga upya bila kuvunja sharti hata moja.

Kwenye kona ile niliweka mviringo wa nusu kipenyo cha milimita 5, kisha 15, kisha 25. Programu hupaka rangi panapoumia: nyekundu penye mkazo mwingi, buluu penye utulivu. Kila nilipoupanua mviringo, wekundu ulififia. Nilikosea mara kumi na moja jioni ile, na hakuna chuma kilichoharibika wala dereva aliyelala porini.

Nikiutazama mviringo ule niliwakumbuka mafundi wa majahazi wa Nungwi, Zanzibar. Wakitafuta mti wa mataruma, zile mbavu za chombo, hutafuta tawi lililojikunja lenyewe, ili nyuzi za mti zifuate mkunjo mwanzo hadi mwisho bila kukatwa. Jicho ndilo mchoro wao. Walilijua hili kabla ya kompyuta: nguvu haitaki kukatishwa njia ghafla.

Kabla faili haijaenda kwenye mashine ya kukatia chuma, nachapa umbo kwa ukubwa wake halisi, nalibandika kwenye boksi, nalikata na kurudi uvunguni. Boksi halibebi hata kilo moja, lakini husema kweli. Siku ile fundi alilishika, akalipachika penye matundu, akanyamaza kidogo. “Mwanangu,” akasema, “bomba la upepo wa breki linapita hapa.” Mimi nilikuwa nimeweka bolti palepale. Nilimshukuru mzee, nikasogeza tundu milimita 18.

Mzee yule anajua mengi ya namna hiyo, na yote yamo kichwani na vidoleni mwake. Mafundi wengi waliotutangulia waliondoka na ya kwao, tukabaki kuyatafuta upya kwa hasara. Hili ndilo linalonifanya niipende kazi hii kuliko rangi na mistari yake: mchoro hutunza alichokijua mtu. Faili ya breketi ile sasa ina maandishi yanayoeleza kwa nini mviringo wa kona ni milimita 25, kwa nini tundu limesogezwa, na kwamba fundi wa gereji ndiye aliyeliona bomba. Lori la aina hiyo likija tena, hatutaanzia kwenye ufa.

Nawasihi vijana mnaotoka VETA na vyuoni mkiwa na kompyuta mabegani: programu si kisingizio tena, maana FreeCAD inapatikana bure kabisa. Kinachokosekana ni kulala uvunguni na kuwasikiliza wazee. Nanyi wazee wetu wa gereji, msimwone kijana mwenye kompyuta kuwa amekuja kuwanyang'anya ugali. Mwambieni mlichokiona, naye akiandike kwenye mchoro pamoja na sababu yake. Chuma kitaendelea kuchoka na barabara zitaendelea kuwa ndefu. Sisi tupime vizuri, tuchore kwa ukweli, na kila kona ya ndani tuiviringe.