Mwenye Meza ya Mlangoni

Nilipoomba ajira ya katibu muhtasi serikalini, tangazo lilitaka mtu anayeandika hatimkato maneno 80 kwa dakika, Kiswahili na Kiingereza. Nilikuwa nimetoka Tabora, kwenye chuo ambacho hata baada ya kuwa tawi la Chuo cha Utumishi wa Umma, watu wazima bado wanakiita Chuo cha Uhazili. Kasi hiyo vidole vyangu vilikuwa nayo. Kilichonichukua miaka kujifunza kilikuwa kwenye orodha ya majukumu, mistari michache chini yake: kupokea wageni, kuwasaili shida zao na kuwaelekeza wanakoweza kushughulikiwa.

Kuwasaili shida. Aliyeiandika sentensi ile simjui, ila yeye aliijua kazi. Mgeni akifika mezani kwangu hutaja cheo kwanza: "Namtaka Mkurugenzi." Mara nyingi shida yake haiko kwa Mkurugenzi. Iko masjala, iko kwa mhasibu, pengine iko wizara nyingine kabisa, jengo la tatu kutoka hapa. Inatakiwa ipatikane kabla mtu hajaingia gharama ya nauli ya pili.

Nauli ndiyo inayonisumbua moyo. Mji wa Serikali uko Mtumba, kilometa zipatazo 17 kutoka katikati ya Dodoma, na upepo wa huku mwezi wa saba hauna adabu. Mzee mmoja alikuja kutoka upande wa Kongwa, bahasha kaikunja ndani ya gazeti.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mjukuu wangu. Nimeambiwa barua yangu haipo."

Ilikuwa safari yake ya tatu. Nikamkalisha, nikamwomba alitaje jina lake taratibu, herufi kwa herufi, kama anavyoliandika mwenyewe. Alilitaja kwa L. Kwenye rejesta, mtu aliliona kosa, akalisahihisha likawa R. Barua ilikuwepo tangu mwezi wa pili, imelala kwenye jalada la mtu ambaye hajawahi kuzaliwa. Robo saa ikatosha. Babu hakumwona Mkurugenzi wala hakumhitaji. Alitaka kunirudishia fadhila kwa mlenda mkavu wa kwao. Nikakataa, kanuni ni kanuni, ingawa anayeujua mlenda wa Ugogoni ataelewa niliteseka kiasi gani.

Siku hizi majalada mengi yanapita kwenye mfumo wa e-Ofisi, na sina ugomvi nao. Unakuonyesha jalada liko kwa nani tangu saa ngapi. Haukuonyeshi kwamba huyo mtu kafiwa na hajarudi. Na jina la babu ungelitafuta kwa L kwa uaminifu mkubwa, ukajibu hakuna.

Shangazi yangu mpaka leo huwaambia watu kwamba nawachapia wakubwa barua. Simlaumu. Lakini katibu maana yake ni mwandishi, na Katibu Mkuu wa wizara na katibu muhtasi wake wanachangia neno hilo hilo moja. Karibuni kada yetu imepewa jina jipya, Mwandishi Mwendesha Ofisi. Vijana wa ofisini wanatania kwamba linafanana na mwendesha bodaboda. Sioni tusi hapo. Sote kazi yetu ni kufikisha.

Anayetaka kuuona uendeshaji wenyewe aje Dodoma kati ya Aprili na Juni, Bunge la Bajeti likikaa. Kikao huanza saa 3 asubuhi, na maswali ndiyo hutangulia. Jibu la waziri huanza kama rasimu ya mtaalamu, likapanda kwa mkuu wa idara, likapanda kwa Katibu Mkuu, likarudi limechorwachorwa, likachapwa upya, likapanda tena. Usiku mmoja, saa nne imepita, nilikuwa napitia jibu lililokwisha kukubaliwa na wote. Lilihusu visima. Aya ya kwanza ilisema 14. Jedwali, nilipolijumlisha, likatoa 41. Hakuna aliyenituma nijumlishe. Nikampigia mtaalamu, akaamka na hasira, akanyamaza, kisha akasema, "Dada, ni 41." Asubuhi waziri alisimama, akasoma, akaketi. Ilikuwa siku yangu njema kuliko zote mwaka ule, na tulioijua ni wawili.

Nikifika hapo humkumbuka Joan Wicken. Mwingereza huyu alikuwa msaidizi binafsi wa Mwalimu Nyerere tangu 1960, kabla ya Uhuru, na aliendelea naye hata baada ya Mwalimu kung'atuka urais mwaka 1985. Alisaidia kuandaa hotuba ambazo watu wazima wa nchi hii wanazikumbuka hadi leo. Waulize wanaozikumbuka kama wanalijua jina lake.

Siwezi kuusifia ukimya wote, hata hivyo. Siri ya ofisi nimeiapia, kutoonekana sikukuapia. Nimewahi kuandaa taarifa usiku kucha, ikatoka na shukrani kwa kila mtu isipokuwa mimi. Nimetumwa chai na watu niliowazidi vyeti, mbele ya wageni. Chai nilileta. Ila bosi niliyemtumikia kwa furaha kuliko wote alikuwa akinitumia dokezo kabla ya kusaini na kuniuliza, "Umeona nini humu?" Kwa swali hilo ningekesha hata mara mbili kwa wiki, na nilikesha.

Basi ukija Mtumba, njoo na nakala ya barua yako yenye kumbukumbu namba, na aliye mlangoni mwambie shida yako kabla ya kumtajia cheo unachokitaka. Tunafungua saa 1:30 asubuhi.