Darajani Bila Daraja

Nilipokuwa mdogo nilimuuliza bibi yangu daraja la Darajani liko wapi. Tulikuwa tunatoka sokoni, yeye kabeba kikapu cha samaki, mimi nimelishika buibui lake. Akanijibu bila kusimama: "Unalikanyaga, mwanangu." Nikatazama chini, nikaona lami tu. Kwa miaka mingi niliamini alikuwa ananitania.

Hakuwa ananitania. Barabara inayopita pale, ambayo leo ina jina la Rais Benjamin Mkapa na ambayo watu wazima bado wanaiita Creek Road, imelala mahali palipokuwa na hori, mkono wa bahari uliojaa na kukupwa, ukiutenga Mji Mkongwe na sehemu kubwa ya kisiwa. Upande wa pili uliitwa Ng'ambo kwa sababu ulikuwa ng'ambo kweli: kufika kwake ni kuvuka. Katika karne ya 20 hori lile likajazwa hatua kwa hatua. Maji yaliondoka, mpaka ukabaki.

Kitabu kilichonifundisha kuuona mpaka huo ni riwaya ya Adam Shafi, Vuta N'kuvute, iliyochapishwa mwaka 1999. Wengi wetu tuliisoma shuleni kama kisa cha mapenzi na siasa: Yasmin, binti wa Kihindi aliyeozwa kwa mwanamume mzee, Denge, kijana anayepigana na utawala wa Waingereza. Maswali ya mtihani yalituuliza dhamira na wahusika. Hakuna swali lililotuuliza Yasmin alipita njia gani.

Na njia ndiyo jambo lenyewe. Anapoikimbia ndoa yake na kukataliwa na jamaa zake, Yasmin anapata hifadhi kwa rafiki yake Mwajuma, Ng'ambo. Kwa miguu ni mwendo mfupi sana. Lakini katika mji wa wakati ule, ambao ukoloni uliwahesabu watu wake kwa makabila na rangi, mwendo huo unamvua jina la ukoo na kumpa watu wengine wa kumwita ndugu. Shafi hahitaji kutuhubiria juu ya ubaguzi. Anamvusha mtu barabara, nasi tunaona nani anafungiwa mlango na nani anafunguliwa.

Hata hivyo, nina ugomvi na riwaya hii ninayoipenda. Ng'ambo yake ni mahali pa kupokelewa. Mwajuma ni mkarimu, mcheshi, mlango wake uko wazi daima. Lakini ni mara chache tunakaa naye kwa ajili yake mwenyewe. Tunaingia nyumbani kwake kwa sababu kuna mgeni anayehitaji kuokolewa. Msomaji asiyeijua Unguja anaweza kufunga kitabu akidhani kwamba historia ilitokea upande wa mawe, na upande wa udongo ulikuwa ukiandaa chai.

Ukweli unapinga picha hiyo. Mwaka 1928 wapangaji wa Ng'ambo waligoma kulipa kodi ya viwanja walivyojengea nyumba zao. Mwaka huohuo Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba aliyeishi Ng'ambo, alikwenda Bombay kurekodi nyimbo zake kwa Kiswahili. Tayari alikuwa ameimba katika majumba ya wakubwa upande wa pili. Kila usiku wa namna hiyo alivuka kwenda na kuvuka kurudi, na aliporudi alikuwa na habari za mji mzima. Hakuwa akisubiri mtu wa kumpokea.

Kwa nini ugomvi huu una maana leo? Kwa sababu mpaka umechorwa tena. Mwaka 2000 UNESCO iliuorodhesha Mji Mkongwe kuwa Urithi wa Dunia, jambo la kushukuriwa. Lakini sehemu kubwa ya Ng'ambo ilibaki nje ya mstari. Baada ya Mapinduzi ya 1964 nyumba nyingi za Ng'ambo zilibomolewa kupisha majumba marefu ya Michenzani, na hakuna aliyezililia kama urithi. Mlango wa kuchongwa unapopasuka Shangani, tunapiga picha na kuandika barua. Nyumba ya udongo yenye baraza, ambako watu walisoma magazeti na kupanga mgomo, ikianguka Ng'ambo, tunasema kiwanja kimepatikana.

Filamu ya Amil Shivji iliyotokana na riwaya hii, iliyooneshwa kwa mara ya kwanza Toronto mwaka 2021, imewarudisha vijana wengi kwenye kitabu. Vizuri. Ombi langu ni kwamba tukisome tukiwa tumesimama barabarani. Upande mmoja una soko lililojengwa mwaka 1904, na nyuma yake vichochoro vya watalii. Upande wa pili kuna mji ambao watu wengi zaidi wa Unguja wameuishi. Ramani zimeliita eneo hili kwa jina la maji, kisha kwa jina la rais. Watu wa kawaida walichagua kulikumbuka daraja.

Bibi yangu alizaliwa Ng'ambo na alikuwa akivuka kila asubuhi kwenda kupika kwenye nyumba ya watu. Sikumuuliza habari za nyumba ile. Nilimuuliza daraja tu.