Sadaka Mbele ya Kamera

Wanaotetea kuunganisha elimu ya uraia wa ulimwengu na maadili ya Kiislamu katika shule za kimataifa aghalabu huanza na orodha mbili. Upande huu kuna heshima kwa binadamu wote. Upande ule kuna aya ya 13 ya Suratul Hujurat, inayohusu mataifa na makabila kujuana. Huku huduma kwa jamii, kule sadaka. Orodha zinalingana, na mjadala unaishia hapo. Kwa maoni yangu, hapo ndipo ungepaswa kuanzia.

Tuchukue mfano wa Diploma ya International Baccalaureate, taasisi iliyoasisiwa Geneva mwaka 1968. Mwanafunzi hapati diploma hiyo bila kukamilisha CAS, yaani ubunifu, shughuli za mwili na huduma, kwa muda usiopungua miezi 18. Hutakiwa kuweka ushahidi wa aliyoyafanya na kuandika tafakuri yake. Lakini mtoto huyohuyo amefundishwa madrasa kwamba riya huharibu thawabu, na kwamba aya ya 271 ya Suratul Baqara inaisifu sadaka ya wazi, ila inaipa ubora zaidi ile inayofikishwa kwa mafukara kwa siri. Ashike lipi?

Shule niliyosoma ilijibu swali hili kwa kamera. Kila Ramadhani tulipeleka unga, sukari na tende kwenye kituo cha mayatima, tukapiga picha nao, kisha picha zikabandikwa kwenye ubao wa matangazo. Mwaka mmoja nilimtambua mtoto mmoja pale ubaoni. Alikuwa wa mtaani kwetu. Alikuwa ameinamisha uso, na picha ilibandikwa vivyo hivyo.

Kosa si la mtaala. CAS haitolewi alama, wala tafakuri haihitaji sura ya anayesaidiwa. Kosa ni kudhani kwamba maneno yakifanana, nia nazo zimefanana. Muungano wa kweli ungemtaka mwanafunzi aandike alichojifunza kuhusu njaa ya mtaa wake, na papo hapo amsitiri mwenye njaa. Stara hiyo ni jambo ambalo Uislamu unaweza kuufunza uraia wa ulimwengu, badala ya kuitikia tu kila unaloambiwa. Shule ikiitupa stara, Uislamu wake utabaki kwenye kibao cha getini.