Uhakiki wa Kigezo cha Chenga katika Ulinganishi wa Picha za Kidijitali: Mfano wa Beit al-Ajaib, Unguja

Makala haya yanahakiki mazoea ya kulinganisha picha za kidijitali kwa kuzikuza kwenye kompyuta hadi kila pikseli ionekane, kisha kuihukumu yenye chenga nyingi kuwa duni. Hoja kuu ni kwamba kigezo hicho hakitendi haki pale kamera zinapotofautiana kwa idadi ya pikseli.

Suala hili lina uzito wa pekee katika Mji Mkongwe wa Zanzibar. Tarehe 25 Desemba 2020, sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa na Sultani Barghash mwaka 1883, iliporomoka pamoja na mnara wake. Picha za sehemu hiyo, zikiwamo zilizopigwa ndani katika mwanga hafifu, haziwezi kupigwa tena. Anayezichuja kwa kigezo kibovu anafuta ushahidi.

Tuchukue mfano wa Nikon D700 ya mwaka 2008, yenye megapikseli 12, na Nikon D800 ya mwaka 2012, yenye megapikseli 36. Vihisi vyao vya nuru vina ukubwa unaokaribia kuwa sawa, takriban milimita 36 kwa 24. Zikikuzwa kwa namna iliyotajwa, picha ya D800 huwa pana mara 1.7 zaidi. Ni sawa na kuuinamia mkeka mmoja hadi kuhesabu chane zake, mwingine ukautazama kutoka barazani, kisha ukaamua upi umesukwa vizuri.

Hesabu inathibitisha kasoro hiyo. Nuru hufika kwa chembe, yaani fotoni, na mtawanyiko wake wa kawaida ni kipeuo cha pili cha idadi yake. Pikseli kubwa ikipokea fotoni 900, mtawanyiko ni 30. Uwiano wa nuru kwa chenga ni 30. Pikseli tatu ndogo zikigawana eneo lilelile, kila moja hupokea fotoni 300 na uwiano hushuka hadi takriban 17. Zikijumlishwa, fotoni hurudi 900 na uwiano hurudi 30. Nuru haikupotea, iligawanywa tu.

Watetezi wa kigezo hiki wana hoja moja ya kweli: kila pikseli huongeza chenga zake za kielektroniki inaposomwa, hivyo katika giza zito wingi wa pikseli unaweza kuwa na gharama. Hata hivyo, gharama hiyo hupimwa baada ya kusawazisha ukubwa wa picha, si kabla.

Kwa hiyo, inapendekezwa kwamba ulinganishi ufanywe kwa mwanga, kipenyo cha lenzi na muda uleule, kwa mafaili ghafi yasiyosafishwa chenga na kamera. Kisha nakala zipunguzwe hadi ukubwa mmoja kwa kukokotoa wastani wa pikseli jirani, bila kuruka pikseli. Faili asilia libaki lilivyo, kwani nakshi za mlango ambazo nakala ndogo imezipoteza huenda bado zimo humo.